Meli Isiyo na Watu

Mjukuu wangu ni wakili wa ofisi ya mambo ya kale. Nyumbani tunamwita Kiroboto, maana tangu utotoni hajui kutulia. Asubuhi ile, tukiingia katika jengo la kamati inayoamua mashauri ya baharini, alikuwa ametulia tuli, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Mke mwenzangu, umekula?" nikamuuliza.

"Nitakula tukishinda, bibi."

"Na ukikonda, nani atanichukulia huyo mume wetu, babu yako?"

Akacheka kidogo, akanishika mkono.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Kampuni moja inatafuta madini chini kabisa ya bahari kuu, ambako mawe yenye madini yametapakaa kama viazi shambani. Kamera yao ikakuta meli ya mizigo imelala ubavu. Ndiyo meli aliyoondoka nayo baba yangu nikiwa mtoto, ikazama na mabaharia wake wote. Sheria hulinda chombo kilicholala majini miaka mia, na hiki bado hakijafikisha. Kifungu kilichobaki ni kimoja tu: penye maiti za watu pasiguswe. Tukithibitisha kuwa mabaharia wamo, mashine yao ya kuchimba itapita mbali. Tukishindwa, itakwangua palepale.

Fundi wa kamera alituonyesha picha. Aliponiona nimekiinamia kioo, aliisimamisha bila kuambiwa, akanisogezea kiti. Sikuona mtu. Niliona matope, na mlango wa chuma ulio wazi.

Nikaieleza kamati jinsi nilivyosimama gatini nikamwona baba akipanda. Kisha akainuka wakili wa kampuni, kijana mwenye mafua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hayo mafua huyatibu?"

"Nayatibu, bibi. Yenyewe ndiyo hayataki."

Watu wakacheka. Alikuwa na adabu. Nilitamani angekuwa mkorofi.

"Meli ilipopotea," akasema, "maofisa walimhoji mama yako. Aliapa nini?"

Nilikuwapo. Usiku wa kuamkia mahojiano, wake wa mabaharia walijazana chumbani kwetu. Mkubwa wao, mke wa serahangi, msimamizi wa mabaharia, aliwaambia, "Atakayesema mumewe alikuwamo, amemzika. Na wa kwetu amewazika." Basi wote wakaapa kwamba waume zao waliteremka bandari ya njiani kabla meli haijapotea, watarudi na meli nyingine. Hakuna aliyeweka msiba. Mama yangu alikufa akiwa bado mke wa mtu.

"Aliapa kwamba baba alishuka njiani," nikajibu.

"Je, alisema uongo?"

Kiroboto akaruka. "Mwenyekiti, napinga! Huyu ni mtu mzima, anatakiwa amtukane mama yake?"

"Kaa, wakili. Bibi, jibu taratibu. Ukitaka maji, sema."

Nikatazama mikono yangu. Tangu nizaliwe sikuwahi kumjibu mama vibaya, hata alipokuwa mgonjwa na hanijui.

"Ndiyo," nikasema. "Mama alisema uongo. Wote walisema uongo. Waliwataka waume zao warudi."

"Na yupo aliyemwona baba yako melini baada ya bandari ile?"

"Waliomwona wako naye huko chini, mwanangu."

Akakaa bila kuniuliza jingine.

Kamati ikatoka, ikarudi. Mwenyekiti alisoma kwamba kiapo cha wake wote, kilichotolewa wakati uleule, kina uzito kuliko kumbukumbu ya mtoto aliyebaki gatini. Kisheria meli ile haina watu. Kazi iendelee. Kisha akaweka miwani chini, akaniambia pole. Pole yake ilikuwa ya kweli. Wakili wa kampuni alitufungulia mlango, nikamshukuru.

Uani Kiroboto aliegemea ukuta.

"Nimekufanya umwite mama yako mwongo mbele ya watu, na bado wameichukua."

"Hukunifanya wewe. Rufaa je?"

"Hii ndiyo ilikuwa rufaa, bibi."

"Na hiyo mashine?"

"Imeshapakiwa. Inasubiri karatasi hii tu."

Nikafikiri kwamba sasa angalau tumwekee baba msiba, tumlilie kama watu wengine wanavyowalilia wao. Nikamwambia. Alinitazama kwa huruma.

"Tunaweza kulia, bibi. Ila cheti cha kifo hawatatupa. Kwao, baba yako alishuka."

Akaniwekea kichwa begani, mtu mzima na suti yake, akalia. Nikampapasa mgongo. Kazi ya bibi ndiyo hiyo.