Kibali Kabla Ardhi Haijaganda

Mimi ndiye niliyekosea hesabu. Naanza na hilo kabisa, kabla bosi wangu hajapata nafasi ya kulitangaza kwa mara ya mia.

Nafanya kazi kwenye kiwanda cha Norbert Kratz, kinachoyeyusha chuma na kutengeneza vipuri vya matrekta. Tuko watu thelathini na wanane, katika mji wa Holmdahl, mwendo mfupi kutoka Ziwa Michigan. Mwaka ule kampuni ya matrekta ilituahidi kazi ya miaka mitano, kwa sharti moja: mwishoni mwa Aprili watukute na tanuru jipya likiwaka. Wasipolikuta, wanakwenda kwingine. Tanuru la zamani lilikuwa linakohoa kuliko Norbert mwenyewe, na bila kazi ile sote thelathini na wanane tulikuwa tumekalia kuti kavu.

Kwetu ujenzi unafuata baridi. Zege la msingi humwagwa kabla ya katikati ya Novemba. Ukichelewa, ardhi inaganda, na unakaa kungoja mpaka Aprili umalizike. Lakini sheria ya hewa nayo ina lake: kitu chochote kitakachotoa moshi au vumbi hakianzi kujengwa, hata msingi wake, kabla jimbo halijatoa kibali.

Fomu za kibali ni kazi yangu. Nikapiga hesabu ya vumbi la tanuru jipya kwa zamu mbili, siku tano kwa wiki, nikapata tani hamsini na mbili kwa mwaka. Niliiandika kwa madaha, nikaambatanisha hundi ya ada, nikatuma mwishoni mwa Agosti.

Baada ya wiki moja simu ikalia. Alikuwa mhandisi wa vibali katika ofisi ya hewa ya jimbo, Marlys Thorvald, mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la pili. Akanieleza kwamba fomu haiulizi sisi tunafanya kazi kwa saa ngapi. Inauliza tanuru lenyewe linaweza kuwaka kwa saa ngapi kwa mwaka, na tanuru halijui Jumapili. Mwaka una saa elfu nane mia saba na sitini. Nikapiga hesabu upya: tani mia na tisa. Na anayefika tani mia anaitwa mkubwa, na makaratasi ya mkubwa huchukua mwaka mzima au zaidi.

Nilipompelekea Norbert habari hiyo, hakushangaa hata kidogo. Yeye ana chuki ya zamani na watu wa serikali, na safari hii alikuwa na sababu mkononi. Ofisi ile ya hewa hailishwi na kodi za wananchi. Inalishwa na ada za wanaotoa moshi. Mkubwa hulipa kwa kila tani, kila mwaka. Mdogo hulipa kidogo tu.

"Huoni, Arlen?" akaniambia. "Wanakula moshi wetu hao. Mitambo ya umeme wa makaa ya mawe kule ziwani imefungwa, njaa imewabana, sasa wanasaka wakubwa wapya. Na wewe umewapelekea mmoja kwenye sinia."

Nilimwamini. Nilimwamini hata aliposema ataagiza lori la zege lije hivyo hivyo, kwa sababu msingi una moshi gani? Nikawasha gari, nikaendesha mwendo wa saa mbili kwenda kugombana na huyo mama.

Nilimkuta ni mwanamke mdogo wa umbo, wa miaka kama sitini, amevaa sweta la kufuma, katika chumba chenye meza nane na watu watatu. Nikasema yote niliyokuwa nimeyapanga njiani, na mengine ambayo sikuyapanga. Alinimiminia kahawa na kungoja.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza, mama."

"Haya. Jumapili mtafanya kazi?"

"Hapana."

"Usiku wa manane je?"

"Watu tutawatoa wapi?"

"Basi kwa nini hamsemi? Jifungeni wenyewe, mwanangu. Ombeni kibali kiwafunge msizidi saa elfu sita kwa mwaka, basi. Mnafunga mita ya kuhesabu saa kwenye tanuru, kila mwezi mnaandika na kutuma. Mkizidisha, faini, na mimi siwatetei. Msipozidisha, nyinyi ni wadogo."

Nikapiga hesabu pale pale juu ya bahasha. Tani sabini na tano. Nilitamani meza inifunike, kwa yale niliyokuwa nimemwambia.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita. "Na bosi wako mwambie asimwage zege. Hata ndoo moja. Watu wa huko kwenu nawajua miaka thelathini na moja, ikifika baridi mikono inawawasha. Akimwaga tu, kibali nakizuia mimi mwenyewe."

Lori lilikuwa limeagizwa kwa asubuhi iliyofuata. Nilimpigia Norbert nikiwa uwanja wa magari. Alinitukana mimi, akamtukana mama wa watu, akalitukana jimbo zima, kisha akaahirisha lori.

Marlys aliandika rasimu ya kibali kwa wiki tatu. Baada ya hapo ni desturi: tangazo gazetini, nakala moja maktaba ya mji, na siku thelathini za wananchi kusema neno. Likaja neno moja tu. Bibi Eunice Pfeil, jirani wa kiwanda, aliandika kwa penseli akiuliza kama shuka zake zitarudi kuwa nyeusi kambani kama enzi za babu yake Norbert. Sheria inataka kila swali lijibiwe. Mistari miwili ingetosha, na mwingine angeandika hiyo miwili na kwenda nyumbani. Marlys alikuja mwenyewe, akasimama uani kwa Eunice, akatazama kamba ya nguo na upande unakotoka upepo. Kisha akamwandikia kurasa mbili ambazo bibi wa miaka themanini na minne alizielewa neno kwa neno. Nazijua kwa sababu Eunice alinisomea mara mbili.

Kibali kilitufikia tarehe nane Novemba, na sahihi yake chini. Zege tulilimwaga tarehe tisa. Tarehe kumi na nne ardhi iliganda ikawa kama chuma chetu wenyewe.

Norbert akanituma nimwalike mama yule kwenye samaki wa kukaanga wa Ijumaa, pale baa ya kona. Nikapiga simu ofisini, akapokea mtu mwingine. Akasema nafasi ya Marlys imefutwa kwa sababu ada zimepungua, na kwamba kibali chetu ndicho kilikuwa karatasi yake ya mwisho. Nikatafuta namba yake kwenye kitabu cha simu. Nilimpata nyumbani kwake, na Ijumaa ile alikuja.

Norbert alikuwa ameshasikia. Alimvutia kiti, jambo ambalo sijamwona akimfanyia hata mkewe.

"Ulijua?" akamuuliza. "Wakati unatuonyesha njia, ulijua?"

"Barua ya kufutwa nafasi yangu nilipewa Julai."

"Sasa si ungetuacha tuwe wakubwa? Tungelipa kwa kila tani."

Marlys alikamulia samaki wake limau. "Wewe peke yako usingetosha, Norbert. Mwaka huu nilikuwa na kumi na wanne kama wewe."

"Na hao wengine?"

"Wote ni wadogo sasa."

Norbert aliweka uma chini. Mimi machozi yalinilengalenga, sioni haya kulisema.

Tanuru liliwaka tarehe mosi Aprili, na watu wa matrekta walipokuja wakalikuta linaunguruma. Mwisho wa mwezi nilisoma mita: saa mia tatu arobaini na sita. Nikaandika kwa mwandiko mzuri, nikatuma ofisini, na nakala nikampelekea Marlys kwa posta ili ajionee. Baada ya siku nne ilirudi. Alikuwa amezungushia nafasi moja kwa kalamu nyekundu. Nilikuwa nimesahau kutia sahihi.