Salamu za Yasmina Zimefika

Habari hii aliileta Khadidja muuza mkaa, siku ya pili ya Idi, tukichambua mchele. Alikuwepo tangu mwanzo, maana mlango wake unatazamana na wa Yasmina, pale mtaa wa Bwiza, Bujumbura.

Yasmina alikuwa anakaanga sambusa nje ya mlango wake, Shakuru akashuka kwenye taksi na sanduku. Shakuru ni mtoto wa marehemu kaka yake. Yasmina ndiye aliyemlea, mpaka akaenda Ulaya kusoma na akapata kazi huko, kazi ya kutengeneza michezo ya televisheni, ile ambayo mchezaji anapewa upanga, farasi, na nchi nzima ya kutembea. Alikuwa amekuja likizo. Alikula, akanawa mikono, ndipo akaeleza yanayomsumbua. Mchezo wao una milima na misitu, una majoka yanayoruka, una mji mkubwa wenye minara, lakini wachezaji wanalalamika kwamba mji umekufa. Watu wake wamesimama sokoni kama nguzo za umeme. Unapita mbele ya mtu, hakuulizi hata umeamkaje.

"Sasa huo mji ni wa watu ao wa miti?" Yasmina aliuliza.

"Ni swali wananiuliza kila siku kazini, shangazi."

Yasmina aliuonea huruma mji ule, akamwongezea sambusa.

Mtaa uliposikia kwamba Shakuru atarudi Ulaya, watu walianza kuleta salamu za ndugu zao walio ng'ambo. Bwiza msafiri hakatai salamu. Zamani alizibeba kichwani. Shakuru alisema asije akasahau neno, kila mtu aseme yake kwenye kinasa sauti chake. Kilikuwa kidogo, kimefunikwa manyoya, kama mtoto wa sungura. Akilimali, fundi cherehani, alimtumia mwanawe umeamkaje ndefu, ile ya kuulizia nyumba, watoto, mguu wa bibi na paa linalovuja. Khadidja alimtumia shemeji yake matusi ya utani na kicheko kizima. Shakuru alikaa na sungura wake mkononi, akitikisa kichwa taratibu, na kila aliyemaliza alimshukuru.

Yasmina alingoja watu wapungue, akafunga mlango.

Salamu zake zilikuwa za mdogo wake, Adija, aliyeko Kanada. Mwaka ule wa risasi Adija aliondoka alfajiri bila kuaga, mama yao akiwa mgonjwa kitandani. Mama aliuliza Adija yuko wapi mpaka pumzi ya mwisho, na aliyekuwa anajibu ni Yasmina. Tangu hapo hawakusemezana. Adija alituma watu kuomba radhi, akasema hatakanyaga Bujumbura mpaka aipate kwa dada yake. Na radhi ya mkubwa, katika nyumba ile, haipiti kwenye simu. Inatoka kinywani, mtu anaibeba, anaifikisha mlangoni kwa mwenyewe, anaisema amesimama, halafu anamrudishia aliyemtuma neno moja: zimefika. Ndivyo mama yao alivyowalea.

Yasmina aliinamia yale manyoya, akasema. Hakusema mengi. Alipomaliza, akaketi kwenye gunia la unga.

"Nitafika mpaka mlangoni kwake," Shakuru alimwambia. "Wallahi, shangazi."

Alipoondoka, salamu zikaondoka naye. Akilimali aliamka, akafungua kinywa kumsalimia jirani, umeamkaje haikuwepo. Alinyoosha mkono tu, akapita. Khadidja alichekeshwa na kitu gengeni, mabega yakatikisika, sauti hakuna. Kwenye bomba la maji foleni ilikuwa kimya, watu wakiangalia ndoo zao. Wengine walisema ni upepo wa ziwa. Duka la dawa liliuza peremende za koo mpaka zikaisha, na mtaa ukazoea.

Kabla ya Ramadhani, Shakuru alituma ujumbe kwenye simu. Neno lilikuwa moja: "Zimefika."

Yasmina aliweka simu kifuani. Alipaka chokaa chumba cha mama yao, akatoa godoro juani, akalitandika shuka jipya. Ramadhani nzima, kila futari, alikuwa anaweka sahani ya ziada, na simu pembeni yake. Simu haikulia.

Aliyemwita, siku chache kabla ya Idi, ni Twahiru, mwenye chumba cha michezo kilichopakana ukuta na nyumba yake, aliyekuwa makanika kabla mgongo haujamshinda. Alimwambia tu, "Mama Yasmina, kuja uone kitu." Khadidja naye akafuata.

Kwenye televisheni kulikuwa na mji wenye minara. Joka lilipita juu, hakuna aliyelijali, maana sokoni watu walikuwa na mambo yao. Akilimali alikuwepo, na masikio ya mbuzi, anapiga pasi na kumwulizia kila mpita njia mguu wa bibi yake. Kicheko cha Khadidja kilitoka kwenye dirisha la baa. Vijana waliokaa kwenye mabenchi walisema hawajaona mchezo wenye watu kama huu, mtu anaweza kuacha vita akazunguka tu mitaani kusikiliza. Twahiru alibonyeza maneti, kile kidude cha kuchezea, yule mwenye upanga akakata kona. Pale pembeni mwanamke mwenye pembe mbili fupi alikuwa anauza mikate. Alimwinamia mwenye upanga, akasema kwa sauti ya Yasmina:

"Mudogo wangu. Mama alikuuliza mpaka mwisho, na mi nilikukasirikia. Sasa nimekusamehe. Rudi nyumbani."

Mwenye upanga alichukua mkate, akaenda zake.

"Anawaambia wote?" Yasmina aliuliza.

"Wote, mama. Hata wezi."

Yasmina alirudi kwake, akampigia Shakuru, na Shakuru akapokea kwa furaha. Alisema mji umefufuka, watu wa nchi nyingi wanausifu, wapo wanaopanga mstari mbele ya yule mwuza mikate na wengine wanalia.

"Ulifika mlangoni kwa Adija?"

Shakuru alijitetea. Alisema Kanada ni kubwa, na kazi ilikuwa imembana.

"Uliniandikia zimefika."

"Zimefika, shangazi. Zimefika kwa watu wengi sana."

"Mi nilikutuma kwa mutu mumoja."

Alimwomba amrudishie salamu zake. Shakuru alisema, kwa upole kabisa, kwamba haiwezekani: akimtoa yule mwuza mikate, soko lote litasimama tena kama nguzo. Akaongeza kwamba kule wanampenda sana.

Siku ya Idi, Yasmina alivunja mwiko wa nyumba yao, akampigia Adija mwenyewe. Adija alipokea mara moja, akasema, "Dada?"

Yasmina alifungua kinywa. Akasema mkaa umepanda. Akasema mvua imechelewa, na chumba cha mama kimepakwa chokaa. Akatafuta lile neno la radhi, mahali pake palikuwa patupu kama shimo la jino. Adija alingoja.

"Basi bado," Adija alisema, akakata.

Jioni ile mtaa ulirudi kwenye Idi yake ya kimya, watu wakipeana mikono. Yasmina alikunja shuka la chumba cha mama, akajilaza kwake. Kupitia ukutani alijisikia akiwasamehe watu asiowajua, mmoja baada ya mwingine. Halafu umeme ukakatika katikati ya neno. Vijana walitoka wakipapasa, Twahiru akafunga mlango, Khadidja akazima kibatari chake.

Umeme uliporudi, mtaa wote ulikuwa umelala. Televisheni ya Twahiru ilijiwasha peke yake, na mwuza mikate, mbele ya mabenchi matupu, akamalizia pale alipokatishwa. Rudi nyumbani, alisema.

Yasmina aliisikiliza sauti yake mpaka mwisho. Kisha akageukia ukutani, akavuta shuka, akalala.