Mathayo Amekataa

Bosi wangu Anold ana neno moja analolipenda kuliko sala zake zote za Jumapili: amekataa. Ukimuuliza kwa nini baharia fulani hajapanda meli, amekataa. Ukimuuliza kwa nini mwingine amepitiliza mkataba wake mpaka amekonda, mwenzake amekataa kwenda kumpokea. Nimefanya naye kazi muda mrefu kiasi kwamba neno hilo nalimalizia kabla halijatoka mdomoni mwake.

Ofisi yetu ni ya uwakala wa meli hapa Mtwara. Wengine wanashughulika na mizigo, mimi nashughulika na watu: nani anashuka, nani anapanda, nani apelekwe uhamiaji, nani kwa daktari. Sheria ya kazi hii ni moja na haina huruma. Hakuna baharia anayeshuka mpaka mwenzake wa kumpokea zamu awe ameweka mguu kwenye meli.

Siku ile meli ya korosho ilikuwa imeshapakia na imesogea katikati ya ghuba, inasubiri karatasi za kuondokea ili ishike njia ya Vietnam. Asubuhi aliingia ofisini mwanamke aliyejifunga kanga nyeusi kiunoni, akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa. Alikuwa Odete, dada yake Dercio, baharia aliyekuwa ndani ya meli hiyo na ambaye mkataba wake ulikuwa umekwisha. Watu wao walivuka kutoka Msumbiji wakati wa vita na wanalima kandokando ya mto Ruvuma mpaka leo. Alisema mjomba wao Alberto amefariki, mwili uko chumba cha maiti, mazishi ni kesho, na Dercio lazima awepo.

Mimi ni mtu wa Iringa. Kwetu mjomba ni mtu wa kukupa kuku ukienda kumtembelea. Nikamuuliza kama baba yao yupo hai.

"Yupo," akasema Odete. "Lakini dada, baba ni baba. Mjomba ndiye mwenye sisi. Dercio ndiye anayeshika nafasi yake. Kesho ndiye wa kusimama kaburini kumsemea marehemu, na watu wote wananyamaza wanamsikiliza yeye. Asipokuwepo, tutamzika mjomba kama mtu wa kuokotwa."

Nikaingia kwa Anold. Akaniambia wenye meli wanatambua msiba wa baba, mama, mke na mtoto, mjomba hayumo. Nikamwambia mjomba awemo asiwemo, mkataba wa Dercio umekwisha, na Mathayo wa kumpokea yuko mtaa wa Ufukoni hapo, karatasi zake nimezitayarisha kwa mikono yangu mwenyewe. Anold hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake.

"Mathayo amekataa," akasema. "Mfikishie Dercio hivyo hivyo."

Niliwaka. Siyo kwa Anold, kwa Mathayo. Nilimchukua Odete tukapanda bajaji mpaka Ufukoni, na njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumvua nguo huyo mwanamume asiyejali maiti ya watu.

Tulimkuta Mathayo uani anapaka chokaa ukuta wa choo. Ni Mnyakyusa, baba yake aliletwa huku na kazi za bandari akabaki. Nilimwambia bila salamu kwamba amefanya jambo la aibu kukataa kwenda kumpokea mwenzake mwenye msiba.

Mathayo aliweka brashi chini. "Nimekataa lini? Hakuna aliyeniuliza."

Nilibaki nimesimama kama mtu aliyesahau alichofuata dukani. Mathayo akaendelea. "Lakini kwa kuwa umekuja mwenyewe kuniuliza, dada Veronika, sasa ndiyo nakataa. Mwambie Dercio aende zake Vietnam. Aone utamu wake."

Kisha akatueleza, na alieleza kwa chuki ya mtu aliyeitunza vizuri. Mwaka juzi meli ilikuwa Durban, yeye akiwa ndani na mkataba umekwisha, Dercio akiwa nyumbani mapumzikoni. Mtoto wa Mathayo, Tumaini, alipata homa akafa. Mkewe aliwaomba wazee wasubiri. Mathayo aliomba ashuke, akaambiwa Dercio amekataa kuja. Mtoto akazikwa. Dercio alipokuja kumpokea baadaye sana, kwenye bandari nyingine, Mathayo alimpita ngazini bila salamu, akafuta na namba yake ya simu.

"Mjomba," akasema Mathayo, kama anatema kitu. "Mimi alikuwa mtoto wangu."

Nilimuuliza ni nani aliyemwambia kwamba Dercio amekataa. Akanitazama kana kwamba nimeuliza jua linachomoza wapi. Anold, nani mwingine?

Hapo Odete akasema, taratibu, kwamba mwaka ule anaukumbuka. Kaka yake alifunga begi akaliweka mlangoni, kila simu ikilia anaruka, mpaka watoto wakawa wanamwigiza. Alikuwa anasubiri kuitwa na ofisi. Mathayo akamwambia dada hawezi kumsema kaka yake vibaya, na kwamba hamwamini. Odete akamjibu kuwa hata yeye hamhitaji amwamini, anamhitaji apande meli.

Walitazamana vibaya sana. Mimi nilikuwa nawaza mambo mengine. Nilikuwa nawaza jinsi kazi hii ilivyomfaa Anold. Watu wawili wenye nafasi moja hawakai nchi kavu pamoja hata siku moja. Mmoja akiwa baharini mwingine yuko nyumbani, na wakikutana ni pale ngazini, kila mtu na begi lake na nahodha anapiga kelele. Ukimdanganya huyu na yule, na simu za kuwaita unazipiga wewe peke yako, nani atawakutanisha? Kubadilisha watu ni boti, ni uhamiaji, ni simu za usiku na mchana, na wenye meli humsifu wakala asiyewaletea usumbufu. Kwa hiyo Anold akiona uvivu, mtu mmoja amekataa, na mabaharia wanachukiana wao kwa wao badala ya kumchukia yeye. Nilimchukia pale pale, chuki safi kabisa.

Nikamwambia Mathayo kwamba alasiri hiyo mimi mwenyewe ndiye ninayepeleka karatasi za kuondokea melini. Boti inakwenda apende asipende. Avae, achukue begi, twende akamuulize Dercio uso kwa uso. Akimwona mwongo, arudi nami.

Akaenda kunawa chokaa.

Odete tulimwacha kwenye geti la bandari. Tulipofika ubavuni mwa meli, ngazi ya kamba ilikuwa imeshushwa, na Dercio alikuwa juu ameegemea chuma, begi mgongoni, macho yamevimba. Nahodha, mzungu mwenye haraka zake, alipiga kelele kwamba mtu apande au niondoe boti yangu. Nilipandisha karatasi kwa kamba ili anyamaze.

Mathayo alisimama kwenye boti, mkono mmoja kwenye ngazi. Hakupanda.

"Dercio," akaita. "Mwaka juzi, mimi niko Durban. Kwa nini ulikataa kuja?"

"Kukataa nini?"

"Kuja kunipokea. Mwanangu yuko chumba cha maiti, wewe uko nyumbani unakunywa bia."

Dercio aliinama mpaka nikaogopa ataanguka. "Anold aliniambia umeomba kuongeza mkataba. Nikasema huyu bwana ana tamaa, sisi wengine hatuna watoto wa kulisha?" Kisha akauliza kwa sauti iliyobadilika, "Mtoto gani, Mathayo? Nani alikufa?"

Mathayo alikuwa ameshika ile kamba kwa mikono miwili sasa, ameweka paji la uso juu yake, na mabega yanatikisika. Nahodha alipiga kelele tena. Nilimwambia kwa Kiswahili afunge mdomo wake, na nadhani alielewa.

Mathayo akapanda. Alipofika juu walisimama karibu, hawakushikana mkono. Aliyekaa na chuki muda wote huo haivui kama koti. Nilimsikia Mathayo akisema, "Nenda kazike." Kisha akaingia ndani bila kugeuka.

Ndani ya boti Dercio aliniuliza jina la mtoto. Nikamwambia. Akalirudia mara kadhaa kwa sauti ndogo, kama anayejifunza.

Anold alikuwa anatungoja gatini, mikono kiunoni. Alianza na mimi: nani amenipa ruhusa, najiona nani, kesho nisije ofisini. Kisha akamgeukia Dercio kwa ule uso wake wa mzee wa kanisa, akampa pole ya msiba, akasema ilikuwa shida sana maana Mathayo alikuwa amekataa katakata.

Dercio alivua jaketi la kuokolea maisha, likiwa bado linadondosha maji, akamwekea mikononi.

"Kesho nazika, bosi," akasema. "Nitamsemea mjomba wangu, halafu nitamsemea mtoto anaitwa Tumaini, maana baba yake hakuwepo. Watu watauliza kwa nini hakuwepo. Nitataja nani alituambia nini, kwa jina. Mabaharia wote wa Mtwara watakuwa pale na wake zao."

Anold alifungua mdomo. Naapa nililiona lile neno lake limefika kwenye midomo, halafu halikuwa na mtu wa kumwangukia. Akanitazama mimi, akaniita mama Veronika, kitu ambacho hajawahi kuniita, akaniomba niongee na huyu kijana.

Nikamwambia nimekataa.