Papa Mathieu na Wakubwa Waliogombana

Baba yangu, Mathieu, alikuwa Mfuliiru wa Kasenga, mtaa wa mji wetu Uvira kando ya ziwa, mashariki ya Kongo, na katika vita vya Hitler alibeba machela Burma. Wabelgiji walimpeleka huko na hospitali ya jeshi la Kongo, na humo akajifunza kutibu majeraha. Alipenda kutusimulia siku habari zilipofika kwamba Wajerumani wameshindwa. Bendera za Waingereza, Wamarekani, Warusi na Wachina zilitundikwa kwenye kamba moja, na dereva mmoja Mmarekani akambeba mgongoni mpishi wa Kichina, wakazunguka kambi wakiimba, kila mmoja kwa lugha yake.

"Walikuwa ndugu kabisa," alisema. "Niliona kwa macho yangu."

Vita vilipokwisha, ndugu hao wakawa wakubwa wa dunia, na wakubwa wakaanza kuchukiana. Baba alisikia habari zao redioni kwa jirani yetu Ndikumana: Mrusi amefunga barabara za Berlin, Mmarekani na Mchina wanauana Korea. Alitikisa kichwa tu. Berlin ilikuwa mbali.

Mwaka 1964 ugomvi wao ulitufikia Uvira. Waasi waliopigana na serikali ya Kongo waliuteka mji, na muda si mrefu wakapata bunduki za Wachina. Serikali nayo ilipewa ndege na Wamarekani, zikaja kutupa mabomu juu ya ziwa na juu ya nyumba. Daktari alikuwa amekimbilia Bujumbura. Baba na mama yangu Célestine, ambaye alikuwa mkunga, wakafungua darasa moja la shule pale mtaa wa Nyamianda na kulaza majeruhi sakafuni: raia, waasi, hata sajini mmoja wa serikali aliyeokotwa mtaroni.

Mchana mmoja komanda wa waasi aliingia. Alikuwa ameambiwa kwamba baba alipigana vita pamoja na Wamarekani.

"Weye iko mutu ya Wamerika," alisema.

"Wachina pia nilikuwa nao," baba akajibu, akiendelea kufunga bandeji. "Wakati ule walikuwa upande moja."

"Uongo!"

"Minye nilikuwa pale, komanda. Weye ulikuwa ungali mutoto."

Komanda akamwona sajini. Akachomoa bastola. Baba akainuka taratibu, magoti yakilia, akasimama mbele ya mgonjwa wake. Mama akaacha beseni na kusimama kando yake. Ndipo kijana mmoja wa waasi, aliyelala pale pale na mguu uliofungwa, akanyanyua kichwa.

"Komanda, huyu papa ndiye alinitoa risasi. Umuache."

Komanda akatazama mguu ule, akaondoka bila kuaga.

Sajini hakuishi. Baba alimzika mwenyewe. Kwa hiyo serikali iliporudi Uvira mwezi wa Oktoba, hakukuwa na mwanajeshi wa kumtetea baba. Ofisa mmoja alisikia kwamba alitibu waasi, akaja kumkamata.

"Weye iko mutu ya Wachina!"

Baba akacheka. Alicheka kweli, mpaka askari wakampiga kitako cha bunduki, wakampeleka kambini, na tukaambiwa atapigwa risasi.

Mama hakulia. Alijifunga kitenge, akatoka barabarani, akaita jina la kila mwanamke aliyemzalisha. Walitoka Kasenga, walitoka Nyamianda, wengine wakatoka Kavimvira, Wafuliiru na Warundi, wenye watoto mgongoni na wenye majembe waliyokuwa nayo shambani. Wakaketi chini mbele ya kambi, wakaziba njia.

"Munataka nini?" ofisa akauliza.

"Papa Mathieu," mama akasema. "Hawa watoto wote, akiugua moja, utamuponya na hiyo bunduki? Mume wangu haiko wa Wamerika, haiko wa Wachina. Hao wagombane kwao. Huyu iko wa kwetu!"

Wanawake wakaitikia, na sauti yao ilisikika mpaka sokoni. Ofisa alikaa na aibu yake mbele ya askari, jasho likimtoka. Jua lilipoanza kuelekea mlimani akaamuru baba aachiliwe, na baba akatoka mlangoni, shavu limevimba.

Alikunywa maji, akanawa uso, akauliza nani amewabadilishia wagonjwa bandeji. Mama akamwambia hakuna, wote walikuwa hapa. Basi wakaelekea Nyamianda, wawili hao, na vigelegele nyuma yao. Mimi, Apolline, nilitembea katikati ya barabara kichwa juu, ili Uvira nzima ijue mimi ni binti wa nani.