Damian na Kamba ya Tanga

Mashua ni yangu. Nalisema hili mapema kwa sababu hapa mwaloni Nkome, ufukweni zinakoegeshwa mashua, wapo wanaume ambao mpaka leo wakiwa na mzigo wa kusafirisha wananipita kama nguzo ya umeme, wanakwenda kumuuliza nahodha. Mbao nilinunua mimi, fundi nilimlisha mimi, na tanga, turubai zito kutoka duka la Hozefa kule Geita mjini, nililishona mwenyewe mpaka vidole vikavimba. Lakini mashua ikishatoka kwenye mchanga, mwenye amri ni Maduhu. Ndivyo tunavyokwenda huku ziwani: tajiri ana chombo, nahodha ana watu. Akimkataa baharia, huwezi kumrudisha hata kama ni mtoto wako wa kumzaa.

Damian alikuwa mume wa binti yangu Febronia. Mchimbaji wa dhahabu kule Rwamgasa, mpana wa mabega, mchache wa maneno. Tangu Luka, mdogo wake Damian, afukiwe shimoni mwaka jana, Febronia alikuwa hana usingizi. Mumewe akienda duarani, kama wanavyoliita shimo lao, yeye anakaa na simu mkononi mpaka jioni. Sasa alikuwa na mimba kubwa, akanipigia analia, akaniomba nimtafutie Damian kazi yoyote, mradi iwe juu ya ardhi. Nikamjibu kwamba ya juu ya ardhi sina, ninayo ya juu ya maji.

Mashua yangu haina injini. Wenye injini wanatucheka mpaka petroli ipande bei, halafu wanakuja kwa adabu kuniuliza kama nafasi ipo. Tunabeba matimba, yaani magogo ya kuzuia kuta za mashimo zisibomoke. Tunayatoa visiwani, tunayashusha Nkome, malori yanayapeleka kwa wachimbaji. Gogo halina haraka, kwa hiyo tanga linatutosha.

Maduhu alimpokea Damian kwa kumkagua viganja, akaridhika navyo. Akampa safari moja ya majaribio, na kazi ya kushika kamba ya tanga, ile inayofungwa kwenye pembe ya chini. Kuieleza ni rahisi: upepo ukiwa wa kawaida unaishika, ukizidi unaiachia, tanga linamwaga upepo na mashua inasimama wima. Maduhu alimwambia jambo moja tu, kwamba akisikia "achia," aachie kwanza, maswali yatafuata baadaye. Damian akaitikia, ndiyo mzee.

Kwenda kisiwani hakukuwa na neno. Kurudi tulikuwa tumejaza magogo, nami nimekaa juu yake nikimpa Damian mgongo. Kwetu mama mkwe na mkwewe hawagusani wala hawakodoleani macho, na mashua haina sebule ya mmoja kumpisha mwenzake. Nilikuwa najisifu moyoni. Nilishamwona Febronia amenenepa, amelala usingizi wake wote.

Upepo ulitujia kwa ghafla kutoka ubavuni, maji yakawa meusi kabla hatujafunga chochote. Mashua ikalala. Maduhu, aliyekuwa nyuma kwenye usukani, akasema, "Achia."

Damian hakuachia. Maduhu akarudia kwa sauti ya kusikika mpaka Mwanza, na yule kijana badala ya kufungua mikono akaizungusha kamba kwenye kiwiko, akajiegemeza nyuma, akavuta. Niligeuka nikamwona. Hakuwa na uso wa mtu aliyeshikwa na hofu. Alikuwa kama anasikiliza kitu kilichoko chini kabisa. Maji yakaanza kumiminika ndani, magogo yakateleza yakaingia ziwani moja baada ya jingine.

Baharia wetu wa siku zote, Enock, alikuwa mbele anachota maji. Wa karibu nilikuwa mimi. Kumbandua vidole sikuweza, mkwe hashikwi mkono hata mkizama, ndivyo nilivyolelewa. Nikachukua panga la kukatia kamba za mzigo nikaikata ile ya tanga mbele ya ngumi zake. Tanga likaruka, mashua ikainuka, nasi sote tumelowa kama vifaranga.

Tulipofika Nkome, Maduhu hakugomba. Alisema tu kwamba huyu hatasafiri naye tena. Mimi nina mdomo, na siku hiyo niliutumia wote. Nilimwambia mashua ni ya nani, nikamwambia manahodha wamejaa mwaloni wanacheza bao, nikamwambia kuhusu Febronia na mimba yake. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mama Febronia," akasema, "baharia mwoga namfundisha. Asiyesikia, sina la kumfanya. Siku nyingine atatuua wote, na wewe ukiwemo."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Nilikwenda nyumbani nikashindwa hata kumpigia mwanangu. Ningemwambia nini? Kwamba mumewe anarudi shimoni?

Asubuhi Damian alikuja mwaloni na begi lake kuaga. Maduhu alikuwa amekaa mchangani anaunga ile kamba niliyoikata. Damian akampa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akashukuru kwa safari ile moja, bila kubembeleza. Maduhu hakuinua macho. Alimuuliza tu kwa nini hakuachia.

Ndipo yule bubu wangu akaongea. Alieleza kwamba siku Luka alipokufa, aliyeshika kamba juu ya shimo alikuwa yeye. Sheria ya duarani ni moja: mshika kamba haachii, aambiwe nini, aambiwe na nani, kwa sababu mwisho wa kamba kuna mtu. Walikuwa wanampandisha Luka, ardhi ikatitia. Watu wakapiga kelele, achia, mdomo wa shimo nao unabomoka. Hakuachia. Uzito alikuwa bado anausikia mikononi. Wenzake wakamshika kiunoni wakamburuta, na mmoja akaikata kamba kwa panga. Luka hakutolewa, yumo humo mpaka leo.

"Mwisho wa kamba sikuuona," alisema. "Sijui kama alikuwa bado ameishika."

Nilikaa chini palepale mchangani. Panga langu la jana lilinichoma moyoni, na hasira zangu zote kwa Maduhu ziliisha.

Maduhu alikaza fundo la mwisho, akasimama. Alimwita Enock, wakapandisha tanga mashua ikiwa bado imeegama ufukweni, pua yake mchangani. Upepo wa asubuhi ulikuwa wa kiasi, ukalijaza. Akampandisha Damian ndani, akamkabidhi kamba. Mikono ya kijana ikaikaza mara moja, mishipa ikasimama.

"Mwisho wa kamba hii uko wapi?" Maduhu akauliza.

"Kwenye tanga, mzee."

"Umeuona?"

"Hapana."

"Nenda kauone."

Damian akaenda. Mkono mbele ya mkono, bila kuilegeza, akaifuata kamba mpaka kwenye pembe ya turubai, pale nilipokuwa nimeshonea pete ya chuma. Aliipapasa ile pete, akapapasa fundo, akapapasa pindo la turubai juu na chini. Alifanya hivyo kwa muda mrefu. Maduhu akamuuliza kama kuna mtu.

"Hakuna," Damian akasema, na machozi yakaanza kumtoka.

"Basi achia."

Hakuweza. Aliizungusha kamba kwenye kiwiko kama jana. Nilijifunika uso kwa kanga, maana si vizuri kumtazama mkwe akilia, lakini masikio sikuweza kuyafunika.

"Nikiachia, mzee, yeye atakwenda wapi?"

Maduhu alisogea akamwekea mkono begani. Alimjibu polepole, akimwita mwanangu kwa Kisukuma, kwa sauti ambayo katika miaka yote ya kunibishia sikuwahi kuisikia kwake.

"Luka alishakwenda, ng'wanawane. Aliyebaki shimoni ni wewe."

Nilisikia kamba ikikimbia juu ya mbao. Nilipofunua uso, tanga lilikuwa linapigapiga ovyo upande wa pili, na Damian amekaa juu ya sakafu ya mashua, mikono yake imefunguka magotini, analia kwa sauti na kumwita mdogo wake kwa jina. Febronia alikuwa ameniambia kwamba hata kwenye matanga ya Luka hakulia.

Maduhu alimwacha alie. Alilishusha tanga akisaidiwa na Enock, akalikunja, akalifunga. Kisha akalichukua lile begi mchangani, akaliingiza ndani ya mashua, chini ya benchi la usukani, mahali ambapo huweka vitu vyake mwenyewe.

"Kesho tunaondoka mapema," akamwambia. "Uje na sweta, kule katikati kuna baridi."