Sakafu ya Mama Mkwe

Mniache nifoke. Heshima si utumwa, lakini heshima ya Manasseh, mume wangu, ilitutumikisha nyumba nzima.

Nyumba yetu ya Nyanchwa iko kwenye mteremko, na chini yake kuna chumba chenye mlango wake. Humo ndimo nilimotaka kumleta mama yangu, Nyakerario, kutoka Gesima. Miguu imemkataa, yuko kwenye kiti cha magurudumu, anaishi peke yake, nami roho haitulii. Kwetu Wakisii mama mkwe na mkwe wake hawagusani, wala mama mkwe halali katika nyumba ya mkwewe, lakini mlango tofauti ungetuokoa. Mama alikubali shingo upande: "Nitakuja nione. Nisipopapenda, narudi kwangu."

Sakafu ilikuwa mabonde na vilima. Tukamwita fundi Mokua aisawazishe kabla ya kuweka vigae.

Basi Manasseh akatangaza: "Hicho sasa ni chumba cha mama mkwe. Mimi siingii." Mama mwenyewe bado yuko Gesima anakunywa chai! Je, alimwacha fundi afanye kazi? Thubutu! Alisimama dirishani, kichwa ndani, miguu nje, akiamuru.

"Kona ile iko chini! Ongeza!"

"Baba Sharon, mwache apime usawa kwa pima maji," nikamwambia Manasseh.

"Pima maji ya nini? Macho yangu ni mazima."

Mokua hajawahi kubishana na anayemlipa. "Sawa, mkubwa," akaitikia, akaongeza saruji. Vigae vikawekwa, vikang'aa, na bwana akajisifu hadi kanisani.

Jumapili mama akaja. Nikamsukuma hadi ndani, nikaachilia kiti nikafungue pazia. Yesu wangu! Kiti kikashika njia chenyewe kuelekea mlangoni, mama anapiga mayowe. Na nani alikuwa amesimama nje ya mlango, macho chini, akingoja kumsalimia mkwewe kwa mbali? Kiti kikagonga kizingiti, mama akarushwa kifuani kwa Manasseh, wakaanguka wote wawili kwenye nyasi.

Nilicheka, halafu nikalia, maana nilijua kwa aibu hiyo mama atarudi Gesima. Manasseh alilala pale chali.

Mama akafunga kitambaa chake cha kichwa vizuri.

"Mkwe wangu," akasema, bado amemshika shati, "umeshanidaka. Kuogopana kumeisha. Sasa ingia ndani uvunje hiyo sakafu, uiweke sawa. Mimi sirudi Gesima."

Manasseh akainuka, akavua koti, akaingia.