Jino la Fundi Cherehani

Nilimkuta baba dirishani, kijiko baridi mdomoni, na mwanangu mapajani pake akitafuna cha kwake. Wote wawili walikuwa wakichuruzika mate. Mtoto alikuwa anaota jino la kwanza. Baba, fundi cherehani mstaafu aliyebaki kibogoyo tangu mwaka aliofariki mama, alidai kwamba naye anaota.

"Usinicheke, mwanangu. Tia kidole."

Nilitia kidole, kicheko nimekiweka tayari. Juu, upande wa kulia, pale meno ya bandia yalipokuwa yakimbana siku zote, ufizi ulikuwa umepasuka, na ndani yake mlikuwa na kitu kigumu, laini kama punje ya mchele. Kicheko kiliniishia.

Tangu hapo baba akawa mtu mwingine. Aliyatupia meno ya bandia kwenye glasi, asiyaangalie tena. Aliifunua cherehani, akaipangusa vumbi, akawa anaimba kwa sauti ya chini. Enzi zake alikata uzi kwa meno. Mkasi, alisema, ni wa wanaojifunza. Nilimtazama katika mwanga wa adhuhuri nikajiona mdogo, nimekaa chini ya meza naokota vipande vya kitambaa. Nyumba nzima ilikuwa kama imerudi nyuma bila kutuaga. Sitaficha, nilifurahi sana.

Kisha shavu likavimba, na homa ikaingia.

Daktari wa meno, mama mpole mwenye mikono midogo, aliibandika picha ya eksirei kwenye taa. Jino lilikuwa limelala ubavu ndani ya taya.

"Ni jino lako la chonge, mzee. Lilitakiwa kutoka ukiwa kijana, likakosa njia, likabaki humo. Sasa mfupa umepungua, meno ya bandia yameuchubua ufizi, na usaha umeingia. Tulitoe."

"Kwa hiyo si jipya?"

"Ni la siku nyingi, mzee wangu."

"Basi liacheni. Limenisubiri miaka yote hiyo, nitalifukuzaje?"

Daktari alinitazama mimi. Nilitamani kumuunga mkono baba, turudi zetu nyumbani na wimbo wake.

"Baba," nilisema, "jana homa ilipopanda uliniita kwa jina la mama. Nikaitika. Naogopa kuitika tena."

Alinishika mkono, akamwitikia daktari kwa kichwa.

Uvimbe uliposhuka kwa dawa, tulirudi. Alichomwa sindano ya ganzi, ufizi ukafunguliwa, jino likatoka vipande viwili. Baba alilala kitini, nusu ya uso imesinzia, akiitazama ile picha iliyokuwa bado inawaka ukutani.

"Hebu angalia tena, daktari," alisema kwa ulimi mzito. "Hakuna lingine?"

Daktari angeweza kumjibu papo hapo. Lakini aliweka koleo chini, akaisogelea picha, akaanza kuipitia taratibu kutoka pembeni. Nikainuka, nikasimama karibu naye, nami nikatafuta.